Sufuria Yako Ndiyo Yetu

Baba watoto,

Samaki wa kuchemsha yuko jikoni. Mafuta ya alizeti kijiko kimoja tu! Ule mkebe wa mafuta ya mgando usiutafute, nimeutupa.

Asubuhi nilipoona kikaango ulichokificha, mafuta yameganda meupe, nilifoka kwa hofu. Daktari alishasema yanapandisha kolesteroli, na moyo wako umeshatutisha mara moja. Lakini jibu lako limenichoma: "Chakula cha mgonjwa huliwa peke yake." Kweli. Tangu nianze kupika sufuria mbili, yako na yangu, unajilia jikoni umesimama. Nimeyakumbuka magoti yako yakinigonga chini ya meza.

~~Usinisubiri, kula.~~

Nisubiri. Sufuria yangu nimeshaifungia kabatini.

Mama watoto