Mama Alivyozunguka Tanzania Kurudi Nyumbani

Joubert Park, Johannesburg

Baba yangu mpenzi,

Assalam alaykum. Nakusalimu kwa heshima zote, na kabla ya lolote niambie mguu unaendeleaje. Umeshaanza kuukanyagia, au bado unashika ukuta ukienda msalani? Dawa unameza kwa saa zake, au mpaka Mama afoke? Sisi huku hatujambo. Baridi imeanza, ile kavu inayopasua midomo, na mjukuu wako Salma ana mafua, lakini anakula na kucheza kama kawaida. Mkweo Ramadhani bado analinda lile jengo la ofisi kule Sandton, anatoka alfajiri na kurudi jioni, amechoka lakini mzima. Alhamdulillahi.

Barua hii nimempa Hamisi, kijana wa kwetu Buyenzi tunayeishi naye jengo moja, anakuja nyumbani kuoa. Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu, Baba, unaweka sauti ya juu na ua mzima unasikiliza, wapangaji hadi wapita njia. Haya ninayotaka kukwambia napenda uyasome peke yako, umekaa, umevaa miwani yako.

Ni habari ya Mama na jinsi alivyorudi.

Najua alivyokusimulia: kwamba alitoka Kigali kwa mdogo wangu Asha, akapita Tanzania, akapokewa na watu wema, akavuka mpaka pale Kobero, na Kaka Jumaa akamkuta pale na gari. Yote ni kweli. Lakini kuna mtu amemruka katika masimulizi yake, na amemruka kwa sababu mimi nilimwomba, maana ulikuwa bado umelazwa na daktari alisema usipandishwe presha. Sasa umerudi nyumbani, presha imeshuka, na mimi sitaki Mama aendelee kubeba jambo hilo moyoni kwa ajili yangu.

Vestine nilishakutajia. Ni yule Mnyarwanda tunayepanga naye chumba cha kazi karibu na Park Station, mimi na cherehani yangu upande wa dirishani, yeye na viti vyake vya kusuka nywele upande wa mlangoni. Kabla ya mpaka wa Burundi na Rwanda kufungwa tulikuwa tunapika chungu kimoja mchana. Wateja wa hapa wakiniuliza natoka wapi, nikisema Burundi, wananijibu, "Oh, Rwanda," na Vestine anacheka mpaka anaangusha kitana. Wakimwuliza yeye, wanasema, "Iko Kongo, sivyo?" Hapo nacheka mimi.

Mpaka ulipofungwa tukaacha kucheka. Siku ile redio ilikuwa inasema, na mteja mmoja Mkongomani akauliza kwa utani, "Haya, nani kamfungia mwenzake mlango?" Vestine akasema, "Wao ndio waliofunga." Nikamwuliza, "Na tulifunga kwa sababu gani?" Basi kutoka hapo tukawa tunarushiana maneno kama vile sote wawili tulikuwepo kwenye vikao vya wakubwa na tunajua kila walichosema. Nchi zetu ni ndogo, mtu wa hapa anashindwa kuzitofautisha, lakini siku ile kile chumba hakikututosha. Kesho yake nikakuta ametundika pazia katikati. Tukawa tunasalimiana asubuhi, basi. Ramadhani na mume wake wakaacha kwenda pamoja kutazama mpira. Kwenye chama chetu cha Warundi watu wakaanza kusema tuchunge ndimi zetu mbele ya Wanyarwanda, kwamba kila unachosema kinafika mbali. Sikuyaamini yote, ila nilianza kuzungumza kwa sauti ya chini.

Na Mama alikuwa upande ule. Wewe unajua, alikwenda kumwuguza Asha uzazi, akisema atakaa mpaka mtoto afikishe arobaini. Mpaka ukafungwa mtoto hata jina hajapewa.

Tulivumilia, tukasema utafunguliwa. Halafu wewe ukateleza pale msikitini ukavunjika mguu. Asha alinipigia analia. Alisema Mama amekunja nguo zake kwenye mfuko na hataki kusikia neno la mtu. Nikaomba nizungumze naye.

"Mama, nasikia unataka kusafiri."

"Narudi kwa mume wangu."

"Kwa njia gani, na mpaka umefungwa?"

"Kuna vijana wanavusha watu mto Akanyaru kwa chini, kwenye mafunjo. Wanakwenda mapema kabla hakujapambazuka vizuri. Asha ananipigia kelele, na wewe usinipigie."

Baba, Mama na magoti yake yale, kwenye matope ya mafunjo, na askari pande zote mbili. Nikamwambia watampiga risasi. Akanijibu taratibu tu, kama mtu anayezungumzia kwenda sokoni: "Baba yenu amelala kitanda cha hospitali na wanaomlisha ni majirani. Nikae hapa nangoja wakubwa wapatane?" Nilimsihi mpaka akakubali kungoja Ijumaa ipite. Zaidi ya hapo hakukubali.

Siku iliyofuata nilikwenda kazini lakini mikono haikuwa yangu. Nikashona mkono wa kushoto wa gauni la mteja mahali pa kulia, nikafumua, nikashona tena vilevile. Pazia likasogezwa. Vestine akanitazama.

"Zaina, kuna msiba?"

"Hapana."

"Basi mbona unalia juu ya kitambaa cha mtu?"

Sikujua kama nilikuwa nalia. Nikamwambia. Nilianza na neno moja, na mengine yakatoka yenyewe: Mama, mafunjo, mguu wako. Nilipomaliza akaweka kitana chini.

"Mimi nimezaliwa karibu na mto ule," akasema. "Asipite pale. Mwambie mama asipite pale. Kwa nini asizunguke Tanzania? Avukie daraja la Rusumo, ashike njia ya Ngara, aingie kwenu Kobero. Ni mbali lakini ni halali, anagongewa muhuri kama watu wengine."

"Mama hajawahi kufika Tanzania. Asha ana kichanga, mume wake haruhusiwi kutoka kazini. Nani atamshika mkono?"

Akaokota kitana chake. "Kaka yangu Inosenti anaendesha lori, Kigali na Dar es Salaam. Rusumo anapita kila mara. Nikimwambia, atambeba."

Hapo, Baba, sikukimbilia kukubali. Nakueleza ukweli, nilifikiria yale ya chama. Kumpa mtu nisiyemjua jina la Mama na nyumba anayokaa, dereva wa upande ule, wakati ule. Vestine aliona ninachofikiria. Hakukasirika. Akasema tu, "Kaulize nyumbani kwako. Lakini usichelewe."

Ramadhani alikataa. Alikuwa anavua viatu vya kazi akaacha kimoja mguuni. "Unamweka Mama mikononi mwa watu hao? Akipotea njiani, utakwenda kumshtaki nani?" Nikamwambia, "Na akipigwa risasi kwenye mafunjo, nitamshtaki nani?" Salma alikuwa anatusikiliza. Kiswahili anakielewa chote ingawa anajibu kwa Kizulu, akauliza kwa nini Gogo, yaani bibi yake, hawezi kupanda basi tu. Mwisho Ramadhani akavaa tena kile kiatu, akatoka kwenda kutembea, na aliporudi akasema, "Sharp, sawa. Fanya. Lakini nataka Mtanzania awe katikati."

Mtanzania tuliyenaye ni Bi Tatu. Anauza vitenge Fordsburg, kwenye lile soko kubwa la ndani. Mimi na Vestine sote tunanunua kwake. Aliolewa na Msauzi aliyekuwa mkimbizi wa siasa kule Morogoro enzi za ukombozi, wakahamia huku pamoja, sasa ni mjane na ana wajukuu. Anatoka Ngara, Baba, hatua chache tu kutoka kwetu. Tulikwenda kwake mimi na Vestine katika teksi moja, kila mtu anatazama dirisha lake.

Alitusikiliza huku anapima kitenge cha mteja. Alipomaliza akatusogezea viti.

"Kaeni. Wewe Burundi, wewe Rwanda, mimi Tanzania. Mkutano umetimia, na chai ipo. Sasa nani anampokea huyu mama pale njia panda ya Benako?"

Hatukuwa na mtu.

"Mnaona? Mngemfikisha njia panda mkamwacha hapo na mfuko wake. Mpwa wangu Neema ni mwalimu Ngara. Atampokea, atalala kwake, asubuhi atampeleka mpakani mwenyewe. Na upande wenu nani atakuwepo?"

"Kaka Jumaa," nikasema.

"Haya. Mpigie sasa hivi nikisikia."

Alitusimamia kama mwalimu mpaka kila mtu amepigiwa simu. Vestine alizungumza na kaka yake Kinyarwanda, na kwa kuwa Kirundi na Kinyarwanda tunasikilizana, nilielewa kila neno. Alimwambia, "Huyo unayembeba ni mama yangu. Usikimbize gari." Hakusema mama wa rafiki yangu.

Mama alipandishwa lori kwa kigoda, Asha anamsukuma kwa nyuma, na nasikia alikuwa anamfokea Inosenti kabla hajafunga mlango. Walipokaribia Rusumo alinipigia. Baada ya hapo, kimya. Simu yake haikupatikana, ya Inosenti haikupatikana, na Neema akasema yuko Benako tangu mchana na lori hilo halijaonekana.

Sijui nikueleze vipi alasiri ile. Vestine aliwaambia wateja wake warudi siku nyingine. Tukakaa sote wawili upande wangu, simu zipo juu ya meza ya cherehani. Ramadhani akawa anapiga kutoka Sandton, "Amefika?" na kila akiuliza nilisikia lile analojizuia kusema. Kuna wakati nilimtazama Vestine na moyo ukaniambia, kama wale watu wa chama walikuwa sahihi, je? Yeye alikuwa ameinama, midomo inacheza. Alikuwa anasali.

Simu ilipolia ilikuwa namba ya Neema, lakini sauti ilikuwa ya Mama.

"Zaina, mbona huku chai yao haina maziwa?"

Vestine aliisikia, akaangua kicheko, halafu akajifunika uso kwa kile kitambaa cha mabega anachowavisha wateja, akalia. Mimi nikamwacha Mama aendelee. Kumbe foleni ya malori ilikuwa ndefu, na laini zao za Rwanda zilikata walipovuka daraja. Mama alisimulia kwamba ofisa mmoja alimwuliza Inosenti, "Huyu bibi ni nani wako?" Naye akajibu, "Ni mama wa dada anayefanya kazi na dada yangu Afrika Kusini." Ofisa akasema undugu huo ni wa mbali sana, akacheka, akagonga muhuri. Mama anasema Inosenti alimfunika kwa koti lake mwenyewe njia nzima, na kila aliposimamisha gari alimshusha taratibu anyooshe magoti. Pale Benako hakuondoka mpaka alipozungumza na Vestine kwa simu ya Neema na kuhakikisha ndiye. Hayo mengine, Kobero na Kaka Jumaa na Mama kuingia wodini na mfuko wake, wewe unayajua kuliko mimi.

Ramadhani alipotoka kazini siku ile hakuja moja kwa moja nyumbani. Alipita spaza, lile duka dogo la mtaani, akanunua juisi na mkate, akaenda kugonga kwa Vestine, akamwambia mume wake, "Eish, shemeji, mpira unaanza saa ngapi?" Nao walimfahamu. Lile pazia bado lipo. Wateja wangu wanalitumia wakijaribu nguo.

Tangu hapo nalala, Baba. Muda mrefu sikuwa nalala, wewe ukiwa upande huu, Mama upande ule, na mimi mbali na nyote. Mpaka bado umefungwa, na sijui wakubwa wataufungua lini. Lakini nyinyi wawili mko nyumba moja, na nikifikiria hivyo nasikia mwili mzima umelegea kama mtu aliyetua mzigo.

Sasa nina ombi. Vestine ana shangazi yake huko kwenye mji wa Ngozi, dada wa baba yake, aliyeolewa kwetu tangu ujana. Anaitwa Felisita, anakaa nyuma ya soko. Tangu mpaka kufungwa hajapata habari zake, na Vestine hakuniomba chochote. Nilimsikia tu akimwuliza Hamisi kama atapita Ngozi. Hamisi hapiti. Kaka Jumaa anakwenda kule kununua mchele. Najua ulivyokuwa unasema juu ya Wanyarwanda, na najua yaliyokufanya useme, sikufundishi. Lakini nakuomba umtume Jumaa amtafute bibi huyo, amwone kwa macho, ajue kama anakula na kama ni mzima. Na akiulizwa ametumwa na nani, asiseme Zaina. Aseme ametumwa na wewe.

Msalimie sana Mama, mwambie chai yenye maziwa namnywea hapa kwa niaba yake. Msalimie Kaka Jumaa na shemeji, na mama mkubwa, na majirani waliokulisha hospitali, kila mmoja kwa jina lake. Asha nitampigia mwenyewe. Ramadhani anakupa mkono, Salma anakubusu.

Mungu akuinue kwenye mguu huo.

Ni mimi binti yako,
Zaina