Mbung'o wa Slipa

Lambwe, Jumapili

Liz, nyakwara, mjukuu wangu mkaidi,

Miezi saba! Hata daktari wa ng'ombe anaijua njia ya kwangu kuliko wewe. Unatuma watu wahesabu nzi mlangoni mwangu, wewe mwenyewe huji. U mzima? Unakula, au bado ni chai tu? Mimi nipo. Goti linauma, mdomo hauumi. Anayeandika ni Metrine wa kanisani; nimemwonya asinirekebishe.

Wale wenzako, Jeremiah na Pauline, huja kila Jumatatu kufungua mitego ya mbung'o, huu wa kwangu na ule wa jirani yangu Nyangau ng'ambo ya mto. Uliniambia hesabu ya sayansi haina upendeleo. Haya, sikia. Jumatatu iliyopita walibishana juu ya mbung'o asiye na kichwa. Jeremiah akasema ni mmoja, Pauline akasema huyo si mtu wa kuhesabiwa. Nilipoleta ugali na omena wakapatana: wahesabu vichwa. Nikawauliza, na kama ningewanyima omena?

Mwanzoni mtego wa Nyangau ulijaa, huu wa kwangu mtupu. Halafu wangu ukaanza kujaa hata ukaupita wake. Jeremiah akaandika kwamba fahali wangu ana harufu inayowavuta. Fahali ninayemwosha mwenyewe! Pauline akauliza mbona mbung'o wa hapa wako bapa hivi. Jeremiah akamjibu ni jua, kwani wewe ulishasema tangu mwanzo kwamba upande wetu ndio wenye mbung'o wengi.

Sasa nasikia Ijumaa utawasomea wakubwa wako hesabu hiyo, waamue dawa ipulizwe wapi kwanza. Ndiyo maana nimemwita Metrine na kalamu yake.

Liz, si jua. Ni slipa yangu. Niliwapiga mbung'o mgongoni mwa fahali, nikawatia kwenye chupa ya mtego kabla wenzako hawajafika. Nyangau alinicheka mbele ya akina mama wa kanisa kwamba mjukuu wangu ametega hewa. Ningenyamaza? Metrine ameweka kalamu chini, anacheka mpaka machozi. Lakini ng'ombe wa Nyangau ndio wanaokonda, na dawa isije kwangu kwa ajili ya slipa. Futa hesabu yangu yote.

Msalimie mama yako. Barua hii Metrine ataipiga picha akutumie kwa simu, usiseme haikufika.

Ni mimi nyanya yako anayekupenda kuliko sayansi,
Dani Marcella

Njoo kabla ya Ijumaa. Tutaufungua mtego pamoja, uhesabu wewe, nihesabu na mimi, na slipa zangu azishike Nyangau.