Kuketi na Familia

Jumatatu, 4 Machi
Furaha iliyoje! Meneja ameikubali programu yangu ya utalii wajibifu, "Kuketi na Familia": wageni wataalikwa nyumbani kwa mtu badala ya kupiga watu picha barabarani. Ikifaulu, nitathibitishwa kazini. Nyumba niliyoipendekeza ni ya mama mdogo, aliyenilea. Nilipomweleza, alisema, "Karibuni, mwanangu, nyumba ni yenu." Ridhaa ya mwenyeji – imepatikana.

Jumatano, 6 Machi
Wageni wa kwanza. Mmoja wao alifunua pazia la chumbani akampiga picha baba mdogo, ambaye tangu apooze hatoki kitandani. Mama mdogo akatabasamu, akasema tu, "Karibu." Meneja amefurahi mno: ati ukarimu wa namna hii haununuliki! Jumamosi analeta basi zima.

Ijumaa, 8 Machi
Nilipita asubuhi, nikamkuta mama mdogo akimfunga baba mdogo tai. Tai! Kitandani! Baba mdogo akanikonyeza: eti anaozeshwa tena, na bibi harusi ni yuleyule. Tukacheka wote watatu. Kisha nikauliza ya nini. Kumbe ni mazoezi, wageni wa kesho wasimkute kama mzigo uliosahaulika stendi.
"Mama, mbona hukukataa?"
"Nimwambie mgeni hapana, mlangoni kwangu? Hivi wewe umelelewa na nani?"
"Lakini ulisema karibuni."
"Ulitaka nisemeje? Na wala hukuniuliza. Ulinitangazia."
Shahada nzima ya utalii, nami nikaihesabu salamu kuwa ridhaa! Nikapiga magoti kando ya kitanda, nikauliza upya, safari hii nikimtazama baba mdogo. Akajibu kwa ule ulimi wake mzito: "Hapana." Mama mdogo akageukia dirishani, mabega yakimshuka kama aliyetuliwa ndoo.

Jumamosi, 9 Machi
Jana nilimweleza meneja kwa staha zote. Akajibu kwamba mwenye huruma kiasi hicho akaajiriwe hospitali, basi litakuja.
Limekuja. Naandika nikiwa kwenye kiti cha plastiki nje ya geti lililofungwa, ufunguo kiganjani. Dereva anapiga honi. Mama mdogo, ambaye sikumwambia kuwa basi bado linakuja, anauliza kutoka ndani ni akina nani hao, mbona hawakaribishwi. Nimemwambia wamepotea njia. Wageni wameanza kushuka, kamera shingoni, wakinipungia mkono – watu wazuri tu, maskini! Simu inaita. Meneja. Natafuta neno la adabu la kuanzia –