Kasoro Saba na Nusu

Mama,

Leo ni Ijumaa. Niko kitandani hapa Najma, mtaa wetu wa wafanyakazi huku Arabuni, kitanda cha juu, na wenzangu wote wamekwenda kanisani, maana huku ibada ni Ijumaa. Nimewaambia naumwa tumbo. Tangu uondoke nimekuwa mwongo hodari, na uongo mkubwa kuliko wote unakuhusu wewe.

Nyumbani wanaamini bosi alininyima ruhusa ya kuja kukuzika. Kaka Musa ananiambia kila ibada wanamwombea bosi wangu alegezwe moyo. Mama, bosi alinipa siku kumi. Alinishika bega akasema, "Nenda ukamzike mama, kazi ipo tu." Nauli nilikuwa nayo.

Lakini ningeshukaje kutoka Arabuni mikono mitupu, majirani wote wakinitazama mfukoni? Nikataka nauli izae na ya jeneza. Okello, Mganda ninayelinda naye lango la ghorofa kule The Pearl, mtaa wa matajiri, alikuwa akibeti mpira wa Wamarekani, ule wa kukumbatia mpira na kugongana vichwa. Hapa kamari ni marufuku, basi nikabeti nauli yote kimyakimya kwa laini yangu ya Kenya. Nilichagua timu ambayo kila mtu alisema haifungiki. Pembeni ya jina lake paliandikwa kasoro saba na nusu. Sikuuliza. Nilidhani ni mambo ya msimamo wa ligi.

Mechi iliisha kumepambazuka, timu yangu imeshinda kwa pointi tatu. Nililia kwa furaha, Mama, wiki ile ile uliyokuwa mochari. Nikampigia Musa, nikamwambia nakuja. Kisha nikafungua simu kuangalia pesa. Hamna.

Okello ndiye aliyenieleza. "Kushinda peke yake haitoshi. Hao ni wakali, kwa hiyo wanabebeshwa mzigo. Lazima washinde na pointi nane kwenda juu." Hapo nikakukumbuka wewe. Ulipotushindanisha mimi na Musa kukimbia hadi kisimani, yeye ulimwanzishia nyuma kabisa, kwenye zizi, kwa sababu alikuwa na miguu mirefu. Kumbe somo hili ulinipa nikiwa na miaka sita, na bado nikaliwa.

Nikampigia Musa tena. Nikasema bosi amekataa.

Nauli nyingine nimeshapata. Nina miezi miwili nayo na sijakata tiketi. Kaburi lako halijajengewa. Wamekataa kutia saruji mpaka kitinda mimba wako aje atupe udongo wake. Mvua imeanza huko, na Musa anasema udongo unatitia upande wa kichwa, kila Jumamosi anaongeza mwingine kwa jembe. Hanilaumu hata kidogo. Afadhali angenilaumu. Nikienda, watanipokea kama mtu aliyeonewa, wanishikilie nisianguke. Nisipokwenda, unanyeshewa. Nimelala hapa nikigeukageuka na sioni pa kutokea.

Kwaheri, Mama. Musa atapiga leo akitoka kazini. Nakuahidi nitamwambia yote, kabla hajaniuliza kama nimekula. Akisema nije, nitakuja na begi la mkononi tu, wanitazame wanavyotaka. Akisema nisije, nitamwomba watie saruji kesho, bila udongo wangu. Usiendelee kulowa kwa ajili yangu.

Mwanao,
Elija