Diski Niliyoambiwa Ni Tupu

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Hapa Pasiansi tupo, ila macho ya bibi yako yanazidi kufifia.

Unaniuliza utajuaje kuwa diski ni tupu kabla ya kuifomati, yaani kuifuta yote, kwa ajili ya mfumo wa Linux kwenye ile kompyuta kubwa ya kazini kwenu. Swali lako limeninyima raha siku tatu.

Nilipokuwa bado kazini, tulifunga Linux kwenye kompyuta kubwa ya ofisi yetu hapa mjini. Mkuu wangu, mtu wa rika la baba yangu, alisimama nyuma yangu na wageni wake. Akanitajia namba ya diski, akasema, "Hiyo tupu, fomati." Mimi kwenye skrini naona ina jina na mafaili yamejaa. Niliona aibu kumsahihisha mzee mbele za watu. Mashine ikaniuliza kama nina uhakika, nikajibu ndiyo.

Yaliyofutika yalikuwa majina ya watoto waliozaliwa Nansio na tarehe zao, yamechapwa kutoka kwenye daftari lililoliwa na mchwa. Daftari lilishatupwa. Nakala nyingine haikuwepo.

Kwa hiyo fungua uangalie mwenyewe, hata kama anayekuambia ni tupu ni mimi.

Juzi kivukoni mama mmoja wa Nansio, anayenikumbuka tangu ofisini, alinishika mkono. "Shikamoo mzee. Yale majina yetu yalipatikana?"

Nikamjibu, "Marahaba mama. Bado wanayatafuta."

Babu yako