Neno la Saba

Haya we mla herufi, sogea hapa. Hizi ni barua zangu na za binamu yangu Tamoya. Zisome, maana mimi kichwa kimeshavurugika.

May Pen, 4 Agosti

Kwako binamu Tamoya,

Salamu nyingi. Hujambo? Mguu wa Bibi Ionie unaendeleaje huko Port Antonio? Sisi wazima, joto tu linatukaanga. Umenifungia kwenye simu, ndiyo maana nakuandikia kwa mkono na kumpa Anti Merlene anayekuja huko kununua viazi vikuu.

Tamoya, kulikoni? Fainali ya mchezo wetu wa kupanga maneno ya Kiingereza ubaoni, mezani mimi na wewe, kiti kimoja tu cha kwenda Barbados kuichezea Jamaica. Nina kete saba za herufi: A, E, I, L, N, R, T. Zile zile tulizokesha nazo barazani! Zote saba pamoja zinatoa maneno sita, na wewe ndiye uliyeniimbia maana zake, mimi nikijali herufi tu. Latrine, choo. Entrail, utumbo. Reliant, anayemtegemea mwenzake. Retinal, cha ndani ya jicho. Ratline, kamba ya kukwelea mlingoti. Trenail, msumari wa mti.

Sasa nafasi iliyobaki ubaoni ilitaka neno linaloanza na A, na katika sita hizo hakuna. Nikapanga altrine. Ndiyo kitu gani? Hata mimi sijui! Nimelitunga pale pale, jasho linanitoka. Ungeinua mkono tu, ukapinga, mwamuzi angelitoa na wewe ungeshinda. Hukuinua. Na lisilopingwa linabaki, hata liwe la uongo.

Kwa nini, Tamoya?

Ni mimi binamu yako,
Odane

Port Antonio, 11 Agosti

Kwa Odane,

Salamu nimepata. Mguu wa Bibi bado unauma, mdomo ndio mzima kabisa. Anasema ule, umekonda kama fagio.

Umeshinda. Unataka nini tena, nikupigie ngoma? Nenda Barbados, uniache.

Binamu yako,
Tamoya

May Pen, 14 Agosti

Binamu mpenzi,

Shikamoo yangu mfikishie Bibi, mwambie nakula. Wengine wote hawajambo?

Barua yako nimeisoma nimesimama, nimeisoma nimekaa, sielewi. Hiyo "nenda" yako ina sauti ya mlango unaobamizwa. Na huku nachekwa! Lascelles kinyozi kanipokea mbele ya watu: "Bwana bingwa! Si binamu kakuachia, kama mtoto anavyoachiwa paja la kuku?" Nikamwambia, "Wewe kata nywele, hujui hata kuandika kinyozi." Watu wakacheka, mimi nikatoka na kichwa nusu kimenyolewa.

Lakini neno limeniingia. Kama ulinihurumia, hicho kiti sikitaki, wallahi. Majina yanafungwa mwisho wa mwezi. Nikijitoa, unakwenda wewe uliyeshika nafasi ya pili. Basi sema: ulinihurumia?

Binamu yako anayehangaika,
Odane

Port Antonio, 22 Agosti

Odane,

Hatujambo. Mvua imelaza migomba yote ya nyuma.

Nikuhurumie wewe? Wewe uliyenifunga mara ngapi halafu ukanizungukia meza ukicheza? Sikukuachia, mjinga we. Niliamini.

Yale sita nayajua kama vidole vyangu. Ulipoweka la saba nilitazama uso wako, ukatulia kama maji ya mtungini. Nikasema moyoni, Odane kalipata jingine, kanipita, na kwa kusoma peke yake. Unajua nilifanya nini? Nilifurahi. Nimekaa pale nashindwa huku nafurahi! Nikaanza hata kuwaza maana yake itakuwa nini, nikuulize tukitoka.

Kudanganya ubaoni ni mchezo, silaumu. Mimi mwenyewe nimemdanganya yule bwana wa Montego Bay akabaki anajikuna. Ila sisi wawili hatukuwahi. Sasa hasira zangu sijui nimkasirikie nani, wewe au mimi niliyefurahi. Na usithubutu kujitoa. Kiti cha kuokota sikalii.

Tamoya,
binamu yako bado, nadhani

May Pen, 24 Agosti

Binamu yangu Tamoya,

Poleni na migomba. Bibi je? Na wewe je, unalala?

Ningejua uliniamini, nisingeliweka. Hapana, hilo nalo uongo. Ningeliweka, nilikitaka kile kiti. Ona sasa, nikisema kweli nakuumiza, nikinyamaza nakuumiza. Nikienda, nimekwenda kwa furaha yako niliyoiiba. Nikijitoa, nimekutupia makombo. Njia ya tatu siioni.

Neno lako moja tu linanitosha. Niende au nisiende?

Wako, binamu,
Odane

Basi, mla herufi wangu, Anti Merlene karudi leo na viazi vyake. Barua hamna.

"Kasemaje, Anti?"

"Hajasema kitu, mwanangu. Alisoma, akaingia jikoni kuwasha moto. Asubuhi kanipa hili."

Tunda la shelisheli. Limechomwa, limemenywa, limeviringishwa kwenye gazeti, bado linanukia moshi. Kwetu shelisheli la namna hiyo anafungiwa mtu anayepanda ndege, kila mtu anajua. Lakini mama yangu alimfungia baba vile vile asubuhi aliyomfukuza, na baba hakurudi tena.

Je, Tamoya ananiambia nenda ukashinde, au nenda zako? Anti hajui. Bibi kwenye simu anacheka tu, eti nile. Majina yanafungwa kesho, nami nimelipakata shelisheli, hata kulikata naogopa. Ungekuwa wewe, ungefanyaje?