Shikamoo Ndani ya Miwani

Mama yangu kipenzi,

Huku Kilwa Masoko pweza nimemla mpaka nimemzoea. Jana sisi walimu wapya tulivalishwa miwani inayoonyesha darasa la watoto wa kompyuta, tujizoeze kufundisha. Unajua sauti yangu inavyonikimbia mbele za watu! Mara akaingia mkaguzi, mzee wa mvi. Nikapiga goti kama ulivyonifunza: “Shikamoo!” Nikangoja aitikie. Watoto wa kompyuta wakaanza fujo, wenzangu wakaangua kicheko, kumbe mkaguzi naye ni wa kompyuta, hajui kuitikia, na mimi bado nimepiga goti. Mwalimu Hadija, mlezi wangu, akanishika bega: “Marahaba, mwanangu. Haya, inuka ufundishe.” Nikafundisha mpaka kengele, na sauti haikunikimbia.

Shikamoo, mama. Nakuona unavyoitikia.

Zuhura wako